Hewa ya Mazuku katika Mishipa ya Mgonjwa

Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa mazuku ni nini. Sisi wa Mabanga tunakaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto wake mwaka 1977, tena mwaka 2002, na tena mwaka 2021. Moto wa mlima huonekana, na mwenye miguu hukimbia. Mazuku hayaonekani. Ukienda upande wa ziwa, kuelekea Bulengo na Mugunga, viko vibonde ambamo mbuzi huingia alfajiri, kabla upepo haujaanza, asitoke tena. Hakuna moshi wala harufu. Mtoto akimfuata mbuzi wake, naye hulala palepale. Wazee waliyaita upepo mbaya, na wako wanaosema mpaka leo kwamba ni mapepo.

Mkatekumeni mmoja aliniuliza kama maji ya baraka yanafukuza mazuku. Nilimjibu asali kwa bidii, na asiingie bondeni. Lakini swali lake lilinisumbua, nikaanza kutafuta habari za hewa hiyo katika vitabu. Nikakuta jambo nisilolitazamia hata kidogo: hewa hiyohiyo inayoua huko bondeni, madaktari huitia kwa makusudi katika mishipa ya damu ya wagonjwa.

Jina lake ni hewa ya ukaa, au kaboni dioksidi. Aliyeanza kuipambanua na hewa nyingine alikuwa mtu wa Brussels, Mkatoliki, jina lake Jan Baptist van Helmont, aliyekufa mwaka 1644. Alichoma ratili 62 za makaa, akabakiwa na ratili moja tu ya majivu. Basi zile 61 zimekwenda wapi? Akasema zimegeuka kitu kisichoshikika, akakitungia jina la gesi, neno tunalolitumia hata sisi. Akatambua pia kwamba kitu hicho hutoka katika pombe inayochacha, na kwamba kimo katika pango moja karibu na mji wa Napoli, ambamo mbwa huanguka na mwenye mbwa husimama salama. Mtu wa Bulengo angalimweleza sababu bila kitabu: hewa hiyo ni nzito kupita hewa ya kawaida mara moja na nusu, hutuama chini kama maji, na mbwa kichwa chake ki chini. Tusifiche kwamba van Helmont alisumbuliwa na wakuu wa Kanisa wa nchi yake kwa ajili ya maandishi yake, hata akafungiwa nyumbani mwaka 1634.

Sasa tuje kwenye mishipa. Mwaka 1895 Profesa Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ya eksirei. Mifupa ilionekana vizuri, lakini mishipa ya damu haikuonekana, kwa kuwa damu na nyama huipitisha mionzi karibu sawasawa. Mwezi wa Januari 1896, huko Vienna, Haschek na Lindenthal walitia mchanganyiko wenye chokaa na zebaki katika mkono wa maiti, na mishipa ikatokea pichani kama mizizi ya mti. Lakini nani angethubutu kumtia mtu aliye hai chokaa na zebaki?

Ilipita miaka 31. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz alipiga picha ya mishipa ya ubongo wa mtu hai kwa dawa yenye ayodini. Baadaye yeye na wengine walitumia dawa iliyoitwa Thorotrast. Picha zake zilikuwa safi mno, na mgonjwa hakusikia maumivu. Kumbe dawa ile ilikuwa na madini ya thoriamu yanayotoa mionzi, nayo haikutoka mwilini. Ilikaa katika ini miaka na miaka, na wagonjwa wengi walikufa kwa saratani walipokwisha kusahau siku waliyopigwa picha. Habari hii ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Ayodini ikabaki ndiyo dawa ya kazi hiyo, na ni njema kwa wengi. Lakini mwenye mafigo mabovu yaweza kumwongezea ugonjwa, na wako ambao miili yao huikataa kwa nguvu.

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walikuwa wakitia hewa ya ukaa katika vena ili kuona kama maji yamejaa kuzunguka moyo. Kuitia katika ateri kulianza kwa kosa. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Florida, daktari Irvin Hawkins alitia hewa ya kawaida katika ateri ya tumbo, akidhani ni dawa. Mgonjwa hakudhurika, na mishipa ilionekana. Hawkins angaliweza kumshukuru Mungu na kunyamaza. Badala yake alijiuliza: kama hewa yaonyesha mishipa, ni hewa gani isiyo na hatari? Hewa ya kawaida haiyeyuki upesi katika damu, na povu lake laweza kuziba njia. Hewa ya ukaa huyeyuka kupita oksijeni mara 20 hivi, na mwili wenyewe huitengeneza kila dakika. Haina madhara kwa mafigo, wala mwili hauikatai. Picha zake zilikuwa hafifu, mpaka mashine za kompyuta za miaka ya 1980 zilipoweza kuondoa mifupa pichani na kuacha mishipa peke yake.

Hata hivyo haikugeuka kuwa hewa ya kuchezea. Madaktari hawaitii katika ateri za juu ya kiwambo cha tumbo, isije ikafika kwenye ubongo. Mtungi wake hauunganishwi moja kwa moja na mgonjwa. Hupimwa kidogo kidogo, na kila mara hungojwa dakika chache. Tena, hewa hii inayozama katika vibonde vyetu, katika damu huelea. Kwa hiyo anayetazamwa mishipa ya miguu huinuliwa miguu yake ili hewa ipande. Huambiwa azuie pumzi, picha hupigwa, kisha huambiwa apumue. Damu huipeleka hewa ile kwenye mapafu, nayo hutoka kwa pua.