Kutoka Utemi hadi Vipaji Maalumu: Shule ya Wavulana ya Tabora

Shule ya Sekondari ya Wavulana ya Tabora, ambayo Watanzania wengi huiita Tabora Boys, ni miongoni mwa shule kongwe za serikali nchini, na historia yake haieleweki vyema pasipo kuutazama kwanza mji ulioilea. Tabora iko Unyamwezini, mahali ambapo katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo iligawanyika, mkono mmoja ukielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na mwingine ukipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walijenga huko Kwihara na vitongoji vya jirani matembe, yaani nyumba pana za udongo zenye paa bapa, wakaishi kwa kusikilizana au kwa kugombana na watemi, yaani watawala wa jadi, wa Unyanyembe, ilhali wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na Kiswahili vinywani mwao. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, mji huo uliokuwa njia panda ya wapagazi ukawa njia panda ya magarimoshi, hivyo kijana kutoka karibu pembe yoyote ya magharibi ya nchi aliweza kuufikia.

Majeshi ya Wabelgiji yaliwafukuza Wajerumani kutoka Tabora mwezi Septemba 1916, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirika la Mataifa. Wajerumani walikuwa wametawala sehemu kubwa ya nchi kwa kutumia maakida, yaani maofisa wa ngazi ya chini ambao wengi wao walitoka pwani na hawakuwa na ukoo wowote katika maeneo waliyopewa. Waingereza, hasa chini ya Gavana Donald Cameron aliyefika mwaka 1925, walichagua njia nyingine, nayo ni ile ya kumwachia mtemi au mangi kiti chake, kisha kumtumia kukusanya kodi, kuamua kesi ndogo na kutangaza amri za serikali. Mfumo huo ulidai mtemi anayejua kusoma waraka, kutunza daftari la hesabu na kumwandikia bwana shauri, na kwa kuwa watemi wazee hawakuweza kurudishwa darasani, ilibidi wafundishwe wana wao. Hiyo ndiyo kazi ambayo shule ya serikali ya Tabora, iliyoanza katika miaka ya 1920, ilipewa hapo mwanzo: kupokea watoto wa watemi na wa wasaidizi wao na kuwaandaa kurithi madaraka.

Kwa kuwa walioiongoza walikuwa Waingereza, shule ilipangwa kwa mfano wa shule za bweni za kwao, ambako mtoto wa tabaka la juu hutenganishwa na nyumbani, akazoezwa kutii ili baadaye aweze kuamuru. Kengele iligawa siku, mabweni yalishindana kwa usafi na kwa michezo, na nidhamu ya kila siku haikushikwa na walimu pekee bali pia na viranja, yaani wanafunzi waliopewa mamlaka juu ya wenzao. Kiranja alikuwa mtemi mdogo, kwani alisimamia zamu za kazi, aliamua ugomvi na alipeleka majina ya wakosaji kwa wakubwa. Hata hivyo ndani ya mpango huo mlikuwa na jambo lililopingana na lengo lake, kwa sababu Mzanaki, Mhaya, Msukuma na Mnyamwezi waliolala chumba kimoja na kushindania mtihani mmoja walijifunza kupimana kwa alama kabla ya kupimana kwa koo, na polepole, watoto wasio wa watemi walipoingia kwa kufaulu mitihani, ukoo ulipungua thamani.

Mfano unaoonyesha zaidi tabia ya shule hiyo ni wa Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyeanza masomo Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 na kuingia Tabora mwaka 1937. Wenzake walimkumbuka kuwa kijana mpenda ushindi katika mitihani, asiyevutiwa sana na michezo, aliyesoma vitabu vya maktaba kwa bidii, aliyesaidia kuanzisha kundi la skauti na aliyeng'ara katika midahalo, yaani mashindano ya kujenga hoja mbele ya hadhara. Walimu walipompendekeza awe kiranja mkuu, mwalimu mkuu alikataa kwa hoja kwamba kijana huyo alikuwa mpole mno kwa kazi hiyo. Uamuzi huo unaonyesha jinsi shule ilivyoielewa sifa ya kiongozi, kwamba ni mtu wa kuogopwa, ilhali nguvu ambayo ingeitikisa Tanganyika baadaye ilikuwa ikinolewa katika ukumbi wa midahalo. Nyerere aliingia Chuo cha Makerere mwaka 1943, na mwaka 1946 alirudi mjini Tabora kufundisha St Mary's, shule ya misheni ya Kikatoliki, hadi alipokwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949.

Wengine waliopitia madarasa ya Tabora Boys walifuata njia mbalimbali. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa Mtemi wa Unyanyembe, aliingia katika baraza la mawaziri la kwanza baada ya uhuru. David Kidaha Makwaia, mtemi wa Usukumani, alikuwa miongoni mwa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Na Rashidi Kawawa, aliyetokea Songea, alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Mwaka 1963 serikali iliyoongozwa na waliosoma Tabora iliondoa mamlaka ya kiserikali ya machifu na watemi, na kwa kitendo hicho shule iliyojengwa ili kuunusuru utemi ikawa imewalea waliouzika.

Baada ya uhuru lengo la shule lilibadilika, ingawa desturi zake za msingi hazikubadilika. Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 zilitaka msomi ashike jembe na asijione bora kuliko mkulima, na Nyerere alimfananisha mwanafunzi na mtu aliyepewa na wanakijiji wenye njaa chakula chao chote ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia kingine, ambaye asiporudi atakuwa msaliti. Shule za sekondari ziligawiwa pia michepuo, yaani mikazo maalumu kama kilimo, ufundi au biashara, na Tabora Boys ikapewa mchepuo wa kijeshi. Gwaride, kwata na vyeo vya wanafunzi vilipata makao kwa urahisi katika shule ambayo tangu mwanzo ilipenda mistari iliyonyooka na amri inayotoka juu kushuka chini.

Leo shule hiyo, pamoja na Ilboru, Kibaha na Mzumbe, imo katika kundi la shule za vipaji maalumu, ambazo huchukua wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu katika mitihani ya taifa. Shule za kata, yaani sekondari za kutwa zilizojengwa kwa wingi nchini kuanzia miaka ya 2000, zimewafungulia mlango watoto wengi ambao zamani elimu yao ingekomea darasa la saba, na kwa sababu hiyo nafasi ya Tabora Boys imezidi kuonekana kuwa ya wateule. Kigezo cha kuingia kimehama kutoka boma la baba hadi karatasi ya mtihani, na hayo ni mageuzi makubwa; lakini kwa takriban miaka 100 shule imeendelea kuteua wachache na kuwazoeza kuongoza wengi, na swali la chakula cha wanakijiji bado linamfuata kila anayetoka humo.