Matrekta ya Vita na Mtambo Wetu wa Lambo

Mwenye ng'ombe hana usingizi kiangazi kinapoanza. Sisi wa Kongwa tunalijua hilo tangu utotoni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tena hazina ahadi, na lambo likishakauka ng'ombe huswagwa nusu siku kufuata maji. Ndiyo maana ukoo wetu uliponunua mtambo mdogo wa kuchimbia, trekta kuukuu lililofungwa kijiko nyuma, tulijiona tumefika. Kwa miaka kadhaa ulituchimbia mitaro, ukang'oa visiki, na ukakodishwa na majirani. Lakini kila tulipoupeleka kuchimba lambo ulituangusha. Mkono wake ulishuka mita mbili na nusu tu, na mwezi wa Oktoba, udongo ukiwa mkavu, meno ya kijiko yaliteleza juu yake kama kucha juu ya sakafu.

Tukakaa kikao. Ikaamuliwa tuuze ng'ombe 26, tuongezee na akiba iliyokuwapo, tununue mtambo mkubwa zaidi uliokwisha kutumika. Ule wenye sepetu pana mbele na kijiko kirefu nyuma, ambao watu wengi kwetu huuita JCB hata kama umetoka kiwanda kingine. Mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye ndiye mwendeshaji wetu, akatangulia Dar es Salaam kutafuta. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Baba mkubwa, shikamoo. Nimeupata. Ni mkubwa kweli kweli, umepakwa rangi mpya, na bei yake ni ndogo kuliko ya mwenzake aliye mdogo. Tuwahi kabla hajatokea mwingine."

Nikamwambia asilipe hata shilingi mpaka nifike. Nilisikia alivyonyamaza; alikasirika. Hakujua kwamba neno hilo la "tuwahi" lilinirudisha kwa marehemu baba yangu, ambaye ujanani mwake alikuwa akipaka grisi matrekta ya mpango wa karanga.

Ndugu msomaji, habari za mpango huo huenda umezisikia. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa nchini, ukaja kuchunguza kwa muda wa kama wiki 9, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka angani. Ikaamuliwa zifyekwe ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa takriban pauni milioni 25. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea.

Matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikiyataka. Basi yakanunuliwa yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yameliwa na kutu. Vifaru vya kivita aina ya Sherman navyo vikageuzwa kiwandani Uingereza vikawa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Yote hayo yakaletwa kupambana na vichaka vyetu, mibuyu yetu na mizizi yake. Baba alisimulia jinsi mnyororo mnene wa meli ulivyofungwa kati ya mitambo miwili ili kuiangusha miti. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala, mengine yakisubiri spea ambazo hazikuwapo.

Hata palipofyekwa, shida haikwisha. Ardhi ya Kongwa ina mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Mvua ikikatika, udongo huo hushikamana kama tofali, na majembe ya trekta yaliyoletwa kuupasua yakalika upesi. Karanga zenyewe hukomaa chini ya ardhi, na ardhi ikishafunga, kuzitoa ni kazi ngumu. Mpango ukafutwa Januari 1951, ukiwa umepoteza zaidi ya pauni milioni 35. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe.

Wengi husimulia kisa hiki kwa kuwacheka Waingereza. Baba hakucheka. Alisema kwamba wazungu wale hawakuwa wapumbavu, na mashine hazikuwa na kosa. Kosa ni kwamba mashine zilichaguliwa kabla ardhi haijaulizwa, na walioijua ardhi hiyo hawakuulizwa kabisa.

Wala mali chakavu ya vita si kwamba haifai moja kwa moja. Mwaka 1945, huko Uttoxeter, Uingereza, fundi aitwaye Joseph Cyril Bamford alitengeneza tela la shambani kwa vyuma vilivyobaki vitani, akaliuza kwa pauni 45. Alianza na kibanda kimoja na kifaa kidogo cha kuchomelea, akitengenezea wakulima kile walichokuwa wakikihitaji. Mwaka 1953 kampuni yake ikatoa mtambo wenye sepetu mbele na kijiko nyuma. Herufi za kwanza za jina lake ndizo hizo tunazozitamka vijijini mpaka leo. Chuma chakavu kilikuwa kile kile cha vita. Tofauti ilikuwa katika kujua kinakwenda kufanya kazi gani.

Kwa hiyo kabla ya safari niliwalipa vijana wachimbe shimo kwa sururu pale tulipokusudia kuweka lambo. Mfinyanzi ulianza kwenye mita moja, ukaendelea hadi karibu mita nne. Chini yake ilikuwa changarawe, nayo changarawe haishiki maji. Nikaelewa jambo ambalo sikulijua: mtambo wa kufika mita sita haungetusaidia kitu. Tungetoboa mfinyanzi na maji yote yangepotea chini. Tulihitaji mkono wa mita nne, wenye nguvu ya kuuma udongo mkavu.

Dar es Salaam tulifika kwa dalali alfajiri, bila kumwarifu. Nikaweka kiganja juu ya injini ya ule mtambo mkubwa, nikaikuta ina joto. Kumbe huwashwa mapema, mnunuzi asione ugumu wake wa kuwaka ikiwa baridi. Mita ilionyesha saa chache za kazi, lakini pedali zilikuwa zimelika mpaka chuma kinang'aa. Tukakishika kijiko kwa mikono, tukakisukuma huku na huku, kikacheza kama jino bovu. Pini na bushi zilikuwa zimekwisha. Kwenye shina la mkono, chini ya rangi mpya, vidole vyangu viligusa mshono mrefu wa kuchomelea. Tungekuwa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikampigia fundi wetu wa Dodoma kumtajia aina ya mtambo. Akajibu, "Mzee, pampu ya huo sijawahi hata kuishika."

Mwenzake ulikuwa umepauka, na mguu mmoja wa kuegemea ulivuja mafuta ya haidroliki waziwazi. Lakini injini iliwaka ikiwa baridi, mkono ulishuka mita nne na kidogo, na spea zake zinapatikana Dodoma. Bei yake ilizidi fedha tulizokuwa nazo. Ilitubidi tuuze ng'ombe 4 zaidi.

"Baba mkubwa," kijana akaniuliza polepole, "tunalipa zaidi ili tupate ulio mdogo?"

Nikamjibu kwamba tunalipa kiasi ambacho lambo limetuambia. Hakuridhika, na sikumlaumu. Ng'ombe 30 si mchezo, na kati yao walikuwamo wa marehemu baba yake.

Wiki ya tatu ya kazi mpira wa haidroliki ulipasuka. Nilishikwa na hofu, nikadhani nimeliingiza hasara kaburi la mdogo wangu. Kijana akapanda basi la asubuhi kwenda Dodoma, akarudi jioni na mpira mpya. Aliufunga mwenyewe kwa taa, na kesho yake tukaendelea. Tulipofika mita tatu na nusu, yeye ndiye aliyezima injini kabla sijasema neno. Akashuka, akafinyanga udongo kiganjani, akasema, "Tusiendelee, baba. Chini ya hapa ni changarawe."

Mvua zilipokuja lambo lilijaa. Huwa ninakwenda kusimama ukingoni jioni, ng'ombe wakinywa, na kumkumbuka baba na kopo lake la grisi. Yeye alipaka mashine za watu ambao hawakumuuliza kitu. Natamani angemsikia mjukuu wake siku ile, akiwa na udongo mkononi.