Ukuta na Ziwa

Hii safari ya Migori na Homa Bay niliifanya peke yangu, kwa gari ndogo, na nilidhani naenda kutazama historia tu.

Nilianzia Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori. Ni kuta za mawe yaliyopangwa moja juu ya lingine bila simiti wala udongo, na kuna mahali zinapita mita 4 kwenda juu. Zina zaidi ya miaka 400. Jamii moja ikihama, nyingine ilikuja ikakarabati, ikakaa. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Kuta zililinda watu na mifugo yao, na mlango ni mdogo, lazima uiname. Nilitoka nikiwaelewa kabisa: si kila mtu ni wa kufunguliwa.

Njiani kwenda Homa Bay, bibi mmoja mwenye gunia alinipungia mkono, akiomba lifti. Jua lilikuwa kali. Sikusimama. Nilijiambia, mimi ni mwanamke, niko peke yangu, usalama kwanza. Kwenye kioo nilimwona akishusha mkono.

Kesho yake nikafika Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la maji ya chumvi, kijani kibichi, ndani ya kreta ya volkano. Lakini Waluo wana stori yao. Zamani hapa palikuwa na kijiji. Bibi kizee alikuja usiku, watu wakiwa kwenye sherehe, akaomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Bibi akamwonya ahame. Mvua ikanyesha, na kijiji kikazama na watu wake.

Grace Ogot, ambaye riwaya yake ya Kiingereza The Promised Land ilitoka 1966, baadaye aliandika pia kwa Dholuo, na kimojawapo cha vitabu hivyo ni Simbi Nyaima. Hadithi ya bibi mmoja kunyimwa mlango ilistahili kitabu.

Pale ukingoni niliona kosa langu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya Thimlich. Lakini hata ule ukuta uliachiwa mlango, na mlango una maana pale tu ambapo aliye ndani anamtazama anayebisha kabla ya kuamua. Watu wa Simbi hawakumwogopa yule bibi. Alikuwa anawaharibia sherehe tu. Na mimi, nikisema ukweli, sikuogopa pia. Nilikuwa na muziki, AC, na haraka isiyo na sababu. Neno "usalama" nililitafuta baada ya kumpita.

Kuogopa si dhambi, hasa kwa dada aliye peke yake barabarani. Kusingizia woga ndiyo shida.

Nilirudi Migori kwa barabara ileile, polepole. Pale aliposimama hapakuwa na mtu.