Jiolojia chuo kikuu: Taaluma isomwayo kwa nyundo, dira na miguu

MVUA kubwa ya Machi 2018 ilipofichua ufa mrefu karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok, habari zilivuma ulimwenguni kuwa bara la Afrika lilikuwa likipasuka mbele ya macho ya watu.

Wanajiolojia nao hawakuafikiana. Baadhi yao waliuhusisha ufa huo na mwendo wa Bonde la Ufa, ambalo hupanuka kwa milimita chache tu kila mwaka. Wengine walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yamesomba majivu laini ya volkano yaliyofunika mpasuko wa kale.

Kupima maelezo ya aina hiyo kwa ushahidi, badala ya kufuata uvumi, ndiyo kazi anayofunzwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya jiolojia.

Mahali pa kusomea

Nchini Kenya, taaluma hii ina mizizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako idara ya jiolojia ilianzishwa mwaka 1961. Katika mabadiliko ya mwaka 2021, idara hiyo iliingizwa katika Idara ya Sayansi za Dunia na Tabianchi. Masomo ya shahada huchukua miaka minne.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta nacho hufunza uhandisi wa migodi. Taaluma hizi mbili ni jirani lakini si moja: mwanajiolojia hutafuta madini yalipo na kukadiria wingi wake, naye mhandisi hupanga namna ya kuyatoa kwa usalama.

Mwanafunzi hutakiwa kuwa na alama ya wastani isiyopungua C+ katika mtihani wa KCSE, na kufanya vyema katika masomo ya sayansi na hisabati. Anayedhani kuwa jiolojia ni kukusanya mawe tu hushtuka anapokutana na kemia ya madini, fizikia ya mitetemo na hesabu za mtiririko wa maji ardhini.

Kutoka maabara hadi nyanjani

Mwaka wa kwanza hujenga msingi. Mwanafunzi hujifunza kutambua madini kwa ugumu, rangi na mng'ao wake, kisha kutenga makundi makuu matatu ya miamba: iliyotokana na moto wa ardhini, iliyotokana na mashapo, na iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo. Tone la asidi likifoka povu juu ya jiwe, humjulisha kuwa huenda ameshika chokaa.

Katika maabara, mwamba hukatwa na kusuguliwa hadi uwe mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha huchunguzwa kwa hadubini.

Hata hivyo, shule hasa ya mwanajiolojia iko nyanjani. Huko mwanafunzi hutembea kutwa nzima akiwa na nyundo, dira, lenzi na daftari. Hupima mwelekeo na mwinamo wa tabaka, huchora ramani, kisha huutetea uamuzi wake mbele ya mwalimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika taaluma hii methali hiyo ni kweli kwa maana zote mbili.

Kenya ni darasa pana. Magharibi, katika maeneo ya Migori na Kakamega, kuna miamba yenye dhahabu ambayo umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Pwani kuna mawe ya matumbawe, ambayo ndiyo yaliyojenga Fort Jesus.

Mwaka 1893, Mwingereza John Walter Gregory alipita katika Bonde la Ufa na kuchunguza miamba ya kuta zake. Alihitimisha kuwa bonde hilo halikuchongwa na mto, bali ardhi ya katikati ilididimia kati ya nyufa sambamba. Hadi leo tawi la mashariki la bonde hilo huitwa kwa jina lake.

Aidha, Kamoya Kimeu alipogundua mabaki ya mvulana wa kale huko Nariokotome, Turkana, mwaka 1984, umri wake wa takriban miaka milioni 1.5 haukusomwa katika mifupa yenyewe. Ulikadiriwa kutokana na tabaka za majivu ya volkano zilizo juu na chini yake.

Faida na tahadhari

Elimu hii hugusa maisha ya kila siku. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, miamba ya volkano hutia floridi katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi sana, meno ya watoto hubadilika rangi na mifupa hudhurika. Kisima kinachochimbwa bila uchunguzi chaweza kuwa kikavu, au kikatoa maji yanayodhuru.

Vilevile, mitambo ya umeme wa mvuke wa Olkaria, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1981, hutegemea wataalamu wanaojua mahali joto la ardhini lilipo.

Lakini anayechagua taaluma hii aelewe kwamba ajira hupanda na kushuka pamoja na bei za madini na uhai wa migodi. Mafuta yalipogunduliwa Turkana mwaka 2012, wengi walitarajia kazi za haraka, lakini uzalishaji mkubwa ukachelewa kwa miaka mingi. Huko Kwale, mgodi wa titani ulioanza kuuza nje mwaka 2014 ulisitisha uchimbaji Desemba 2024, madini yake yalipokwisha.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenye busara hajifungi kwenye madini pekee. Hujifunza pia habari za maji ya ardhini, misingi ya majengo na barabara, maporomoko ya ardhi na ramani za kompyuta.

Shahada pekee haitoshi kumpa mtu hadhi kamili. Sheria ya mwaka 1993 iliweka utaratibu wa kuwasajili wanajiolojia, ili ripoti inayoamua mahali pa kuchimba kisima au kujenga bwawa itiwe saini na mtu anayeweza kuwajibishwa. Mwanakijiji anayelipia kisima ana haki ya kuuliza, kabla ya mtambo kuwasili, ni nani aliyeisoma ardhi yake.