Karanga, pelagra na makopo mawili ya vidonge

Juzi rafiki yangu alinionyesha makopo mawili: moja la magnesiamu, jingine la niasini, yaani vitamini B3. Akauliza kama ni salama kumeza vyote pamoja. Nikamjibu kwa historia kwanza.

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma Dk. Joseph Goldberger majimbo ya kusini kuchunguza pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, unaoharisha, unaovuruga akili na mwisho kuua. Wengi waliamini unaambukiza. Goldberger akagundua kuwa kwenye vituo vya yatima waliugua watoto, wahudumu wakabaki wazima. Tofauti ilikuwa sahani: wanyonge walishindia mahindi. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kilichokosekana ni niasini. Mahindi yanayo, ila imefungwa. Mwili hauipati vizuri mpaka yachemshwe na chokaa au majivu, kama wenyeji wa Mexico walivyofanya tangu kale.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1989 mgao wa karanga kwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi ulikatika. Wakabaki na mahindi. Mwaka 1990 takriban watu 18,000 wakapata pelagra. Gramu 100 za karanga zina niasini kama miligramu 12 na magnesiamu kama 170. Makopo mawili ya rafiki yangu ndani ya konzi chache!

Kagera, iliyopokea wakimbizi wa Rwanda kule Ngara mwaka 1994, inajua kuishi kwa mgao ni nini. Lakini nenda Kanazi, uangalie kibanja: migomba, maharage na mibuni pamoja. Ndizi peke yake ina niasini kidogo. Maharage, karanga na samaki wa ziwani ndivyo vinavyojazia. Wazee hawakujua neno niasini, ila hawakula ndizi kavu.

Sasa jibu: kwa dozi ndogo, viwili hivi havina ugomvi unaojulikana. Niasini nyingi huwasha na kuufanya mwili uwe wa moto, na huweza kuumiza ini. Magnesiamu nyingi huharisha. Mwenye tatizo la figo au anayetumia dawa nyingine amwone daktari kwanza.

Pelagra iliwapata zaidi watu waliopangiwa chakula na wengine. Wewe unayejipangia mwenyewe, umeanzia sokoni au duka la dawa?