Kasisi, tunda lililowalinda watoto wakati wa vita

Kule Uingereza baridi hairuhusu kulima machungwa. Vita ilipoanza 1939, nyambizi za Ujerumani zikazamisha meli za mizigo, machungwa yakaadimika. Mtoto akikosa vitamini C, fizi hutoka damu na vidonda haviponi. Serikali ikawahimiza watu walime kasisi (tunda dogo jeusi, si padri!), ambalo lina vitamini C kupita chungwa. Sirapu yake iligawiwa bure kwa watoto wasiofikisha miaka miwili.

Wamama wa vijijini walikuwa wanalijua zamani: jamu yake ndani ya maji moto kwa koo linalouma, na majani kwa chai.

Hadi leo kasisi nyingi za Uingereza hutengenezwa Ribena, kinywaji kilichoanza kuuzwa 1938.