Koti langu la mtumba na miaka 200 ya kupigana na mvua

Nilikuwa Moshi kikazi, na kazi ilipoisha nikaunganisha likizo nikaupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Ndiyo, mimi huyu huyu ambaye nikipanda ngazi za ofisini napumzika ghorofa ya pili. Kama nilifika kileleni au la, vumilieni, nitasema mwishoni.

Leo nataka kuongelea koti.

Siku moja kabla ya safari nilinunua koti la mtumba kwa shilingi 25,000, baada ya kubishana na muuzaji karibu nusu saa. Koti zuri, rangi ya chungwa, zipu nzima, kofia ina kamba zake. Muuzaji akalimwagia maji ya chupa pale pale, yakateleza kama kwenye jani la mgomba. Nikajiona mjanja.

Siku ya pili, katikati ya Mandara na Horombo, mvua ikatukuta. Baada ya saa moja nilikuwa nimelowa hadi kwenye fulana. Nilipovua koti jioni, upande wa ndani ulikuwa unabanduka vipande vyeupe kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na vipande hivyo vyote vimeganda kwenye sweta langu. Nilitetemeka mpaka meno yanagongana.

Ndipo nikamwona mmoja wa wapagazi wetu. Wenyewe mlimani wanajiita wagumu, na jina hilo halikukosewa. Alikuwa amefika saa mbili kabla yetu na mzigo kichwani. Amevaa sweta la pamba lenye kofia, limelowa chapachapa, na juu yake karatasi la nailoni alilolitoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Akaniangalia, akaangalia koti langu, akacheka.

"Mdogo wangu, koti lako na nailoni yangu ni ndugu. Nje mvua, ndani mvua."

Nilicheka na mimi, lakini ile kauli iliingia kichwani ikakataa kutoka. Niliporudi Dar nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba yule kaka alikuwa amefupisha historia nzima ya nguo za mlimani kwa maneno manne.

Mwaka 1823 mkemia mmoja wa Glasgow, Charles Macintosh, alipewa hataza ya kitambaa kisichopitisha maji. Aliyeyusha mpira kwenye nafta, kimiminika kilichotokana na lami ya makaa ya mawe, akaupaka katikati ya vitambaa viwili na kuvigandamiza pamoja. Maji hayakupita. Mpaka leo Waingereza wengine wanaliita koti la mvua kwa jina lake. Lakini koti lile lilinuka, wakati wa baridi lilikakamaa, wakati wa joto likanata. Miaka ya 1840 ilipopatikana njia ya kuimarisha mpira kwa joto na salfa, matatizo hayo yalipungua. Likabaki moja: aliyelivaa akifanya kazi alitoka jasho, na jasho lile halikuwa na pa kwenda. Nje mvua, ndani mvua. Nailoni ya mgumu wetu ni koti la Macintosh.

Na jasho si suala la usumbufu tu. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa kavu. Ukiwa umelowa kwa jasho halafu ukasimama kupumzika kwenye upepo, joto la mwili linaanza kushuka. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inanyonya maji, inakaa nayo, na ile hewa iliyokuwa inatunza joto ndani yake inatoweka. Sufi angalau inabakiza joto kiasi hata ikilowa. Kwa hiyo swali la miaka 200 ni hili: utazuiaje maji ya nje huku ukiyaruhusu ya ndani yatoke?

Kijana wa Kiingereza, Thomas Burberry, aliyefungua duka lake Basingstoke mwaka 1856, alijibu nusu ya swali. Mwaka 1879 alibuni gabadini. Badala ya kupaka mpira juu ya kitambaa kizima, alitibu nyuzi zenyewe zisishike maji kabla ya kufumwa, kisha akazifuma kwa kubana sana. Upepo haukupita, manyunyu yaliteleza, na mwili ukapumua. Mvua kubwa ya muda mrefu ililishinda, lakini kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa.

Gabadini ndiyo aliyovaa George Mallory alipopotea Everest na mwenzake Andrew Irvine tarehe 8 Juni 1924. Kwa miaka mingi watu waliwacheka, kwamba walipanda mlima mrefu kuliko yote duniani wamevaa kama waliokwenda kuwinda ndege shambani. Mwili wa Mallory ulipopatikana Mei 1999, mabaki ya nguo zake yakachunguzwa: tabaka za hariri, pamba na sufi, na gabadini juu yake. Nguo za mfano zikashonwa, na mwaka 2006 Graham Hoyland akazivaa huko huko Everest. Zilikuwa nyepesi, zinaruhusu mwili kujongea, na zina joto la kutosha ilimradi hali ya hewa isichafuke. Kumbe wazee hawakuwa wajinga. Tabaka nyembamba kadhaa zinatunza hewa kuliko koti moja zito.

Hapa nisimame kidogo nirudi nyumbani, maana kuna kitu kinanikereketa.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Hayo tumeyasoma shuleni. Lakini Meyer mwenyewe alimtaja mtu mwingine, Mwini Amani wa Pangani. Huyu alibaki kambi ya juu, zaidi ya mita 4,300, akipika, akitafuta maji na kuni, ili wale wawili wakirudi kutoka kwenye barafu wakute moto. Mtu wa Pangani, ndugu zangu! Mtu wa minazi na joto la bahari, anakaa kwenye baridi ya mita 4,300. Vitabu vinatueleza mengi kuhusu viatu na vifaa vya Meyer. Kuhusu blanketi la Mwini Amani, sijaona sura nzima iliyoandikwa.

Tuendelee. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza waliosindikiza misafara ya meli Aktiki walikuwa wakiangukia kwenye maji ya barafu na kufa ndani ya dakika chache. Watafiti wa Shirley Institute, Manchester, wakafuma kitambaa cha pamba tupu, nyuzi ndefu zilizobanwa sana, ambazo zikilowa zinavimba na kuziba vitundu vyenyewe. Kiliitwa Ventile. Pamba ile ile tunayoilaumu, ikifumwa kwa akili, iliwaongezea watu dakika za kuokolewa.

Halafu ikaja zamu ya maabara. Mwaka 1938 Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, Marekani, aligundua kwa bahati plastiki inayoteleza ajabu, ambayo sisi tunaijua kwenye vikaango kwa jina la Teflon. Mfanyakazi mwingine wa DuPont, Bill Gore, aliamini plastiki ile ina matumizi mengi zaidi. Mwaka 1958 akaacha kazi, yeye na mkewe Vieve wakaanzisha kampuni yao nyumbani kwao Delaware.

Mwaka 1969 mtoto wao, Bob Gore, alikuwa akijaribu kuzivuta fimbo za plastiki hiyo zilizopashwa moto. Alizivuta polepole, kwa adabu, kama vitabu vinavyoelekeza. Zikakatika, moja baada ya nyingine. Mwishowe akapandwa na hasira, akaishika moja na kuivuta kwa nguvu mara moja. Haikukatika. Ilirefuka mara kadhaa na kuwa kitu chepesi chenye vitundu visivyohesabika, sehemu kubwa hewa tupu.

Vitundu vile ni vidogo mno kwa tone la maji kupita, lakini ni vikubwa kwa chembe za mvuke. Tone linabaki nje, jasho likiwa bado mvuke linatoka. Utando huo ukibandikwa kwenye kitambaa unapata Gore-Tex, ambayo iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970. Swali la Macintosh likawa limepata jibu, miaka 150 baadaye.

Jibu lenyewe lina masharti, lakini. Mvuke hutoka pale ambapo ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Kwenye msitu wa Marangu, ambako hewa yenyewe imejaa maji, hata koti la bei mbaya linapumua kwa shida. Pili, kitambaa cha juu kina mpako wa kufanya maji yateleze. Mpako ukichakaa kitambaa kinalewa maji, na hapo jasho linakwama. Tatu, makoti mengi hayana utando wa Gore bali mpako wa plastiki nyingine, poliyurethani, ambao unazeeka kwa unyevu na kubanduka. Vile vipande vyeupe kwenye sweta langu ndiyo hiyo. Koti langu lilikufa kabla halijapanda meli kuja kwetu. Maji ya chupa ya muuzaji yalipima ngozi ya nje tu.

Sasa niwape kipande nilichokipenda kuliko vyote. Lile sweta lililopakwa vipande vyeupe ni la flisi, ile nguo laini yenye manyonya-manyoya ya poliesta. Lilikuwa limelowa, lakini nililikamua, nikalivaa, na ndani ya muda mfupi nikapata joto. Poliesta hainywi maji. Flisi hii ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwenye kiwanda cha Malden Mills, mji wa Lawrence, jimbo la Massachusetts. Kampuni ya Patagonia ilishirikiana nao, na kufikia 1993 ilikuwa inauza flisi iliyotokana na chupa za plastiki zilizotumika.

Tarehe 11 Desemba 1995 kiwanda kile kiliungua. Mwenye mali, Aaron Feuerstein, alikuwa mzee wa miaka 70. Angeweza kuchukua fedha za bima akapumzika, au akahamishia kazi kwenye nchi za mishahara midogo kama wenzake. Alijenga upya pale pale, na kwa miezi kadhaa akaendelea kuwalipa wafanyakazi ambao hawakuwa na kazi ya kufanya. Wamarekani wakamshangilia. Mwaka 2001 madeni yakamshinda, kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mzee alifariki mwaka 2021.

Kwa nini Massachusetts? Kwa sababu jimbo lile ni la viwanda vya nguo tangu zamani, na sisi tunalijua bila kujua kwamba tunalijua. Kitambaa cha merikani, kile ambacho bibi zetu walikiita jina la nchi yake, kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, wilaya moja na Lawrence. Mkataba wa Marekani na Sultani ulisainiwa 1833. Merikani ikawa fedha bara, wapagazi wa misafara wakalipwa kwa mikono ya merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoikata biashara ile.

Unaona mzunguko? Mpagazi wa karne ya 19 alilipwa pamba ya Massachusetts. Mjukuu wake leo anapata flisi iliyobuniwa Massachusetts, ikiwa tayari imevaliwa na mtu mwingine, kutoka kwenye roba la mtumba au mkononi mwa mtalii anayeshuka.

Kuna deni jingine ndani ya maroba hayo. Mipako ya kuteleza maji kwa miaka mingi ilitumia kemikali za kundi la PFAS, ambazo hazivunjiki kirahisi kwenye maji wala udongo. Moja yao, PFOA, iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2019. Kampuni ya Gore ilianza kuuza utando usio na kemikali hizo 2022. California ilizuia nguo nyingi zenye PFAS kuanzia Januari 2025, Ufaransa kuanzia Januari 2026. Safi sana. Lakini makoti ya zamani hayayeyuki hewani. Yanakwenda mahali, na sisi tunapajua.

Sisemi mtumba upigwe marufuku, nami ningevaa nini? Ninachosema ni kwamba mtu anayepanda na kushuka mlima ule mara nyingi kwa mwaka, na mzigo usiopaswa kuzidi kilo 20, ndiye wa mwisho kufikiwa na uvumbuzi uliofanywa kwa ajili ya milima. Tangu 2003 kuna mradi Moshi, KPAP, unaowaazima wapagazi nguo za baridi bure. Ni kazi njema. Ila nguo za kazi kuwa za kuazima, kwenye mlima unaoingizia taifa fedha zote zile, hiyo inanipa mawazo.

Ushauri wa bure: ukinunua koti la mlimani mtumba, ligeuze. Angalia tepu zilizobandikwa juu ya mishono, sugua upande wa ndani kwa kidole. Kikibanduka kitu, rudisha. Mpako wa nje tu ndio umechoka? Lifue kwa sabuni isiyo kali, suuza vizuri, lipashe joto dogo, mara nyingi unaamka.

Na kileleni? Nilifika Gilman's Point, nikatapika, nikashuka. Uhuru nimeuacha kwa ajili ya wajukuu. Tulipoagana getini nilimpa yule kaka sweta langu la flisi. Nikamnyooshea na koti. Akaligeuza ndani nje, akalisugua kwa kidole, akanirudishia.

"Hilo, mdogo wangu, nenda nalo Dar."